Ichague katriji kwa santuri ulizonazo

Watu wanaoanza kununua pleya za santuri siku hizi huniuliza swali lilelile: katriji gani ni nzuri? Nami huwauliza kwanza wana santuri gani nyumbani. Siwakwepi. Katriji inayomfaa mtu anayenunua LP mpya, zikiwa bado kwenye nailoni yake, huenda isimfae hata kidogo mwenye katoni ya fotifaivu (zile santuri ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika) za miaka ya 60 na 70, zilizochezwa baa, zikachezwa harusini, zikahamishwa nyumba hadi nyumba na mwishowe zikaishia kwenye vibanda vya Kenyatta Market, Nairobi.

Mimi ni wa kundi hilo la pili. Santuri zangu nyingi ni za inchi saba: benga, rumba ya Wakongo waliokuja kurekodi Nairobi, dansi la Tanzania, na taarab ya Mombasa kidogo. Nairobi ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara ya santuri Afrika Mashariki, kiasi kwamba hata nyimbo za bendi za Tanzania zilizorekodiwa studio za Radio Tanzania, santuri zake zilitengenezwa Kenya. Sehemu kubwa ya muziki huo haikuwahi kutolewa tena kwa CD, na ukiukuta mtandaoni mara nyingi ni nakala ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Kilichomo kwenye mtaro wa ile santuri ndicho kilichobaki. Ndiyo maana suala la sindano silichukulii kama anasa.

Katriji ni kile kichwa kidogo kinachofungwa mwisho wa mkono wa pleya. Chini yake kuna kijiti chembamba, mara nyingi cha alumini, na kwenye ncha ya kijiti kuna chembe ya almasi. Almasi hiyo ikipita kwenye mtaro inatikisika, kijiti kinatikisika nayo, na upande wa pili wa kijiti sumaku inacheza mbele ya koili na kuzalisha umeme. Umeme wenyewe ni haba mno. Katriji ya kawaida ya sumaku hutoa kama milivoti 3 hadi 5 tu, ndiyo maana ukiiunganisha moja kwa moja kwenye tundu la AUX la amplifaya unasikia muziki wa mbali, mwembamba, usio na besi. Inataka tundu la PHONO, au kiboksi cha pembeni chenye kazi hiyo: kuukuza umeme, na kurudisha besi iliyopunguzwa makusudi wakati santuri inakatwa, kwa kufuata kipimo cha RIAA, chama cha kampuni za santuri cha Marekani, kilichowekwa mwaka 1954.

Zile redio-gramu za kabati zilizokuwa sebuleni kwa wazee wetu hazikuhitaji hayo. Katriji zake zilikuwa za seramiki, zikitoa umeme mwingi mara nyingi kuliko huu, na spika ziliimba bila shida. Gharama ililipwa na santuri. Katriji hizo zilikandamiza mtaro kwa gramu 5 au zaidi, na nyingi zilikuwa na ncha ya yakuti badala ya almasi. Yakuti huisha upesi. Ikiisha inakuwa bapa yenye kingo kali, na tangu hapo haisomi tena mtaro bali inauchonga. Nani alikuwa akibadilisha sindano mwaka 1972, na duka la karibu lenye sindano liko mjini? Ilibadilishwa siku ilipoanza kuruka.

Hili nililielewa vizuri kwa muuzaji mmoja wa santuri, mzee ambaye hanunui kitu kwa mtu kabla hajakitoa nje penye mwanga. Anaishika santuri kwa kingo, anailaza karibu usawa wa jicho, kisha anaizungusha polepole. Mtaro usioharibika hung'aa mweusi. Mtaro uliochoka una rangi ya kijivu, kama umepakwa vumbi lisilofutika. Siku hiyo alikuwa ameshika fotifaivu ya benga, na theluthi mbili za kwanza ziling'aa vizuri tu. Kijivu kilianza karibu na lebo.

"Hapa imelimwa, kijana wangu," akaniambia huku akinionyesha kwa ukucha bila kugusa.

"Sasa mzee, bado itaimba?"

"Itaimba. Inategemea wewe utaiimbisha na nini."

Ukitazama fotifaivu nyingi za kwetu utakuta kijivu kiko palepale, na ukizijua nyimbo zenyewe utajua sababu. Wimbo wa rumba au benga huanza taratibu: gitaa, sauti, ubeti, kiitikio. Baadaye ndipo unapochemka. Sebene inaingia, gitaa la solo linapanda, hai-hati inafunguka, mtu anaita majina ya watu. Kwa kuwa sindano huenda kutoka ukingoni kuelekea katikati, sehemu hiyo yenye moto ndiyo inayoangukia karibu na lebo. Nyimbo ndefu ziligawanywa sehemu mbili, upande A na upande B, lakini bado kila upande ulikuwa ukimalizikia kwenye kilele chake.

Na hapo ndipo santuri ilipo dhaifu zaidi. Santuri inazunguka kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa ndani ni mfupi kuliko wa nje. Fotifaivu ya inchi saba huanza na mtaro unaopita chini ya sindano kwa karibu sentimita 40 kila sekunde, na humalizia kwa kama 25. LP hali yake ni mbaya zaidi: huanza na kama 51 ikamalizia na kama 21. Sekunde moja ya hai-hati iliyokuwa na nafasi ya kutosha ukingoni inabanwa kwenye nusu ya nafasi hiyo ndani. Mikunjo ya mtaro inakuwa midogo kuliko ncha yenyewe. Ncha nene haiingii humo, inagonga tu kingo za mikunjo, na kila ikigonga inavunja kitu. Ukizidisha hapo gramu 5 za redio-gramu na yakuti lililoisha, kile kijivu hakishangazi tena. Upande unaochakaa ni ule ambao watu waliupenda zaidi.

Kwa hiyo mimi, ninapochagua katriji, jambo la kwanza ninalolitazama ni umbo la ncha. Chapa na sifa nyingine huja baadaye.

Ncha iliyo rahisi kuliko zote ni ya mviringo. Nusukipenyo chake kwa katriji za sterio ni kama mikroni 17 au 18. Ni ya bei nafuu, inavumilia pleya iliyofungwa vibaya kidogo, na haisumbuliwi sana na uchafu. Lakini kwenye sebene ya ndani ni sawa na kidole gumba kinachojaribu kufuata mshono wa shati: kinapita juu yake, na mishono kinaihisi kwa mbali. Ncha ya duaradufu imepunguzwa pande mbili ikabaki na kingo nyembamba, kwa kawaida mikroni 8 kwa 18. Hapo unaanza kusikia hai-hati ikiwa hai-hati na si mafuta yanayokaangika. Kisha kuna zile za kuchongwa kwa ufundi zaidi, zinazogusa ukuta wa mtaro kwa mstari mrefu na mwembamba kuanzia juu hadi karibu na chini. Ya kwanza kupata jina ilikuwa Shibata, ya Norio Shibata wa JVC, iliyobuniwa kwa ajili ya santuri za chaneli nne zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 70. Baadaye zikaja nyingine, kama MicroLine ya Audio-Technica.

Wengi huambiwa kwamba ncha hizi za gharama ni za santuri safi, mpya, na kwamba santuri iliyochoka itosheke na ncha ya mviringo. Sikubaliani na ushauri huo. Sindano ya redio-gramu iligusa ukuta wa mtaro mahali pamoja tu, na ndipo palipolimwa. Juu ya hapo na chini ya hapo ukuta ni mzima. Ncha ya mstari inagusa sehemu hiyo nzima ambayo hakuna sindano iliyowahi kuifikia, na santuri uliyodhani imekufa inakupa sauti ya mwimbaji ambayo hukuwahi kuisikia. Hili nimelisikia kwa masikio yangu kwenye santuri zangu, si moja wala mbili. Si kila santuri itakayookoka, kwa sababu iliyochongwa na yakuti bapa imeng'olewa mpaka chini na hakuna almasi itakayorudisha kisichokuwepo. Tena ncha hiyo inafika chini ya mtaro ambako uchafu wa miaka umelala, kwa hiyo santuri lazima ioshwe kwanza. Usipoosha, ncha ya gharama itakupa mchakacho mwingi kuliko ile ya mviringo, na utadhani umeibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo halina gharama na linasaidia kuliko hata kubadilisha katriji. Fotifaivu nyingi za kwetu za miaka ya 60, na si chache za baadaye, ni mono, yaani za chaneli moja ya sauti. Mtaro wa mono unamwambia sindano aende kushoto na kulia tu. Hauna habari yoyote ya juu na chini. Katriji ya sterio husoma pande zote, na katika kupanda na kushuka huko, kwenye santuri ya mono, hakuna muziki hata chembe: kuna vumbi, michubuko na kuchakaa. Ukiunganisha chaneli mbili zikawa moja, kelele ya juu na chini inajifuta yenyewe na muziki unabaki. Kama amplifaya yako ina kitufe cha MONO, kibonyeze. Utasikia mchakacho ukipungua papo hapo na mwimbaji akija katikati, mbele yako. Zipo pia katriji za mono kamili, kwa mfano Ortofon 2M Mono, na ukiwa na santuri za mono tupu inastahili kufikiriwa. Tahadhari ni kwa katriji za mono za zamani sana ambazo kijiti chake hakina uwezo wa kupanda na kushuka. Hizo usiziweke kamwe juu ya santuri ya sterio, zitaiharibu.

Sasa tuzungumze majina. Kwa mtu mwenye mchanganyiko kama wangu, ninayoipendekeza na ninayoitumia ni familia ya VM95 ya Audio-Technica, iliyotoka mwaka 2018. Sababu yangu ni moja kubwa: mwili wa katriji ni mmoja, na ncha zote za familia hiyo zinaingia humo humo. Unanunua VM95C yenye ncha ya mviringo au VM95E ya duaradufu leo, na mfuko ukiruhusu unavuta ncha kwa vidole, unachomeka ya ML, yaani MicroLine, bila kugusa waya wala skrubu. Kwa sisi tunaoagiza vitu kutoka nje na kulipa usafiri na ushuru juu yake, kuagiza kipande kidogo badala ya katriji nzima ni nafuu ya kweli.

Halafu piga hesabu ya saa. Kwa makadirio ya Audio-Technica wenyewe, ncha ya duaradufu hudumu saa 300, ya mviringo 500, na MicroLine 1000. Bei ya ML ni kubwa mara kadhaa kuliko ya E, lakini inaishi zaidi ya mara tatu. Anayesikiliza kila jioni ataona mwenyewe ipi ni ghali.

Ortofon ya Denmark nayo ina 2M Red na 2M Blue, zinazotumia mwili mmoja. Tofauti ni kwamba Red ina kichembe cha almasi kilichogundishwa juu ya kipande cha chuma, na Blue ni almasi yenyewe bila kipande hicho, kwa hiyo ni nyepesi na inageuka upesi zaidi ndani ya mikunjo. Blue ni katriji nzuri sana. Nagaoka MP-110 ya Japani ina sauti laini, yenye joto, na watu wa taarab wanaipenda, nami naelewa kwa nini: vinanda vya nyuzi havikukwaruzi sikio. Kwa mwenye bajeti ndogo kabisa ipo AT3600L, ya mviringo, inayokandamiza kwa karibu gramu 3. Si ya kudharauliwa hata kidogo, nayo ni salama mara nyingi kuliko pleya za sanduku zinazouzwa mitandaoni na katriji zake za seramiki, ambazo ni redio-gramu ile ile iliyopakwa rangi mpya.

Wapo watakaokushawishi uanzie na katriji za koili inayotembea, ambazo koili ndiyo inayocheza na si sumaku. Nazipenda. Denon DL-103 ilitengenezwa mwaka 1962 kwa kushirikiana na shirika la utangazaji la Japani, NHK, inauzwa mpaka leo, na sauti yake ina uzito ambao mwili unauhisi. Lakini hutoa milivoti 0.3 tu, kwa hiyo inataka transfoma au hatua nyingine ya kukuza. Kijiti chake ni kigumu, kinahitaji mkono mzito wa pleya. Na sindano ikiisha huwezi kuichomoa ukaweka nyingine. Katriji nzima inarudishwa kiwandani au kwa fundi wa kazi hiyo, na mafundi hao si rahisi kuwapata Dar wala Nairobi. Isiwe katriji yako ya kwanza.

Suala la mkono lisikupite. Mkono mzito pamoja na kijiti laini huzaa mtikisiko wa polepole, na santuri zetu nyingi zimepinda kwa kuachwa karibu na dirisha au ndani ya gari. Zinapopanda na kushuka, mkono unacheza nazo. Mtikisiko wa asili wa mkono na katriji unatakiwa uwe kati ya hezi 8 na 12, juu ya kupinda kwa santuri na chini ya muziki. VM95 na 2M hukaa hapo kwenye mikono mingi ya kawaida, ya pleya ya Technics SL-1200 ikiwemo.

Kufunga ni kazi ya dakika chache zenye utulivu. Acha kifuniko cha sindano mahali pake. Waya ni nne: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia, na pini za nyuma ya katriji zimewekwa rangi hizohizo. Tumia koleo ndogo ya nyusi, sukuma kile kishikio cha chuma na si waya wenyewe, maana waya ni mwembamba kama unywele na ukikatika kwenye shingo ya kishikio utahitaji fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu. Kwenye SL-1200, kutoka kwenye ukingo wa nyuma wa kichwa, pale penye mpira, hadi ncha ya sindano pawe na milimita 52. Kisha pima uzito kwa mizani ndogo ya dijitali. VM95E inataka gramu 2. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka mtaroni na kila ikitua inagonga. Fuata kipimo cha kiwanda.

Ukimaliza, usijaribie kwenye mwanzo wa santuri. Peleka sindano ndani, kwenye sebene, sikiliza herufi S za mwimbaji na hai-hati. Zikichubuka upande mmoja tu wa spika, rekebisha kile kidhibiti kinachozuia mkono kuvutwa ndani. Zikichubuka pande zote, tazama tena zile milimita 52, au ikubali santuri jinsi ilivyo.

Katika kununua, angalia unachouziwa. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, kwa hiyo sindano nyingi za Shure zinazotangazwa leo kuwa mpya ni za watengenezaji wengine. Baadhi ni nzuri kabisa. Nyingine almasi imekaa upande. Lenzi ya fundi saa itakuonyesha, na muuzaji mwaminifu hatakataa uitazame kabla hujalipa.

Zimebaki sahani za 78, zile nzito zinazovunjika, zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice, sauti yake iliwekwa kwenye sahani za namna hiyo. Mtaro wa 78 ni mpana, unataka ncha yenye nusukipenyo cha karibu mikroni 75. Sindano ya LP inazama ndani yake, inaburuza chini kwenye uchafu, haigusi kuta zenye muziki. Kwenye familia ya VM95 kuna ncha ya SP kwa kazi hiyo, inayokandamiza kwa gramu 5, na hapo gramu 5 ni sahihi kwa sababu mtaro wenyewe ni mpana na nyenzo ni ngumu. Hakikisha pleya yako ina spidi hiyo, SL-1200MK2 haina. Na usizioshe kwa spiriti, itayeyusha uso wa sahani. Maji safi yasiyo na chumvi, brashi laini, kisha ziache zikauke wima. Kama umerithi sahani za bibi au babu na bado huna ncha yake, zihifadhi kwanza na ziache zisubiri. Usizijaribie na sindano ya LP hata mara moja.